Mji Mkongwe wa mezani, kwa foamu ya boksi la TV

Ukisema tu unataka kucheza vita vya mezani, ule mchezo wa vijisanamu vya askari, hapa Unguja, utaambiwa uagize majumba ya plastiki kutoka Uingereza. Ulipe usafiri, ulipe ushuru, halafu ukifungua boksi unakuta magofu ya makanisa ya Ulaya, uyapange mezani na kuwaambia wenzio hapa ni mtaa wa Malindi. Mimi mji wangu nimeujenga kwa ile foamu nyeupe inayotupwa nje ya maduka ya TV na mafriji. Kilichokula hela ni gundi, na hata hiyo si ya kulilia.

Anza na vipimo. Askari wa kimo cha mm 28 huhesabiwa kwa kipimo cha 1 kwa 56 hivi, yaani sentimita 1 mezani ni sentimita 56 za kweli. Kuta za Mji Mkongwe zina unene wa nusu mita na zaidi, kwa hiyo foamu ya sentimita 1 inakaa sawasawa. Kijiti cha kuchokolea meno cha mm 2 kinatoa boriti ya sentimita 11, hasa ile ya mkoko. Hizo boriti ndizo zilizofanya vyumba vya mji viwe vyembamba, mita 3 hivi, maana mkoko haufiki mbali zaidi. Mezani mita 3 ni sentimita 5 na nusu, na humo vidole haviingii. Mimi nakata 8, na mtu wa kulalamika alalamike. Kimo cha ghorofa sentimita 7. Mlango 4 na nusu, kwa sababu askari amesimama juu ya kitako, kile kibao cha chini ya miguu yake, na asipoongezewa atagonga kichwa. Kila ghorofa inyanyuke peke yake, usiigandishe kwa gundi.

Vichochoro navyo vina hila yake. Ukifuata kipimo cha kweli, kichochoro cha mita 2 kinakuwa sentimita 3 na nusu: kitako cha mm 32 kinapita kimoja, askari wawili wakikutana mchezo umekwama. Weka 6 na nusu au 7, kisha acha sehemu mbili tatu za 4 makusudi, hapo ndipo pa kuviziana. Meza ya futi 6 kwa 4 nafunika kama theluthi yake kwa majengo. Ukishapanga, inama mpaka jicho liwe usawa wa askari. Ukiona mstari ulionyooka wa zaidi ya inchi 24 bila kizuizi, sogeza nyumba moja, au mwenye bunduki ndefu atamaliza mchezo kabla chai haijapoa.

Kuna wanaosema basi tufanye vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896. Vile vilikwisha kwa dakika 38 hivi, na karibu kazi yote ilifanywa na mizinga ya manowari za Waingereza kutoka bandarini. Ile manowari kubwa kuliko zote, kwa kipimo cha mm 28 ni ndefu kuliko meza yenyewe. Kama unataka historia, chukua magofu ya Maruhubi, kasri ya Sultan Barghash iliyoungua mwaka 1899: nguzo zimesimama, paa hakuna, mkono unafika kila mahali. Nguzo zinatoka kwenye bomba la umeme la mm 20, lipigwe msasa kwanza, bila hivyo rangi itabanduka kwa kucha.

Foamu nyeupe hukatwa kwa wembe mpya wa kisu cha kuvunja ncha. Wembe ukianza kuwa butu unang'oa punje badala ya kukata, basi vunja ncha upate nyingine. Pitisha mara tatu nne kwa wepesi, usikandamize.

Sasa ile rangi ya kupuliza. Nimeambiwa na watu wanaojiita wajuzi: puliza tu, iko tayari, mambo ya brashi ni ya zamani. Nilichukua kipande cha mabaki nikapuliza mbele yao. Kwanza kilimetameta, kisha kikaanza kuzama katikati, pembe zikajikunja, na kabla hawajapata la kusema dirisha limekuwa pango. Kimumunyisho kilichomo kwenye kopo ndicho kinachoila foamu, wala haina uhusiano na bei ya kopo. Ukitaka kupuliza, pakaza kwanza tabaka mbili za rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, rangi mbili kwa gundi moja, na usiache hata tundu la sindano.

Ukuta wenyewe sichongi mawe. Nachanganya unga wa jipsamu na gundi ya mbao na maji kidogo mpaka uwe uji mzito, napaka unene wa mm 2, na punje za foamu zote zinapotea. Nangoja mpaka kidole kiguse bila kuondoka na kitu. Hapo nachukua kipande cha jiwe la matumbawe, lile lile la kujengea, la ukubwa wa ngumi, nalichovya majini lisinate, nalikandamiza huku nikiligeuza kila mara ili alama zisijirudie. Ukuta unatoka na vishimo vile vile vya nyumba ambayo chokaa yake imebanduka, kwa sababu aliyeuchora ni jiwe lenyewe. Ukiwahi, jiwe linabeba uji wote, ukichelewa, linapasua. Usifanye nyumba nzima, acha sehemu laini, chokaa haibanduki yote kwa siku moja.

Rangi: krimu chini, kisha kahawia nyeusi iliyozimuliwa, rangi moja kwa maji kumi na tone la sabuni ya vyombo ili iingie kwenye vishimo isisimame juu kama matone. Ikikauka, brashi kavu yenye nyeupe kidogo. Chini ya madirisha vuta michirizi myeusi ya ukungu. Bila hiyo nyumba inaonekana ya juzi.

Masika ndiyo mtihani. Kitako cha boksi la karatasi hujipinda kwa sababu gundi imelowesha upande mmoja. Tumia plaiwudi ya mm 4 na upake pande zote mbili, kingo pia. Mchanga wa pwani wa kutandaza chini osha kwa maji baridi mara tatu, uanike, uchekeche. Chumvi ikibaki inavuta unyevu na rangi inainuka vipande vipande. Na anayekushauri gundi ya unga wa ngano hajui mende. Wataila usiku, tena wataanza na paa.

Paa la makuti natumia ukindu wa mabaki ya mikeka, nauchana kwa sindano na kuupanga kutoka chini kwenda juu, kila safu ikifunika nusu ya iliyo chini yake. Nyuzi za makumbi zinafaa majani ya njiani, zikatwe mm 5. Kwa miti ya mashamba ya Pemba, makonyo ya karafuu, vile vijiti vya shada, yaliyokauka yana matawi tayari; yachovye kwenye gundi na maji nusu kwa nusu, yasivunjike, ndipo uyabandike majani. Boksi litanuka karafuu muda mrefu, na hilo hakuna aliyelalamikia bado.

Hifadhi juu ya kabati, si chini, kila ghorofa na kipande cha kitambaa kikavu kati yake. Karatasi ya nailoni usiitie, inafungia jasho ndani.