Hedifoni Studioni Nyumbani: Mpangilio Ninaoutumia Wakati wa Kurekodi

Msanii aliyevaa hedifoni huimba kwa kufuata kinachomfikia masikioni. Sauti yake ikimrudia kwa kuchelewa, ataburuza maneno nyuma ya biti. Biti ikimfunika, atalazimisha koo. Akijisikia kupita kiasi, atabana sauti na kuimba kwa kujizuia. Ndiyo maana kwenye chumba changu cha kurekodia nilianza na njia ambayo sauti inapita mpaka kumfikia mwimbaji, kabla ya sponji za ukutani na kabla ya kufikiria maiki ya bei kubwa. Vifaa ni vya kawaida: kompyuta, saundi kadi ya USB (kifaa kinachounganisha maiki na hedifoni na kompyuta) yenye maingizo mawili, maiki ya kondensa (aina inayodaka hata sauti ndogo), hedifoni jozi mbili na amplifaya ndogo ya hedifoni. Chumba ni kimoja tu, kwa hiyo maiki ikiwa wazi spika huzimwa.

Sauti ya mwimbaji inaweza kumrudia kwa njia mbili. Ya kwanza inapita kwenye kompyuta: maiki, saundi kadi, waya wa USB, draiva (programu inayowezesha kompyuta kuitumia kadi), programu ya kurekodia, kisha njia ile ile kurudi. Kila hatua inakula muda, na unaoweza kuupunguza zaidi ni ule wa bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia. Hesabu yake ni nyepesi: gawa idadi ya sampuli (vipimo vya sauti) za bafa kwa kasi ya sampuli, yaani idadi yake kwa sekunde. Bafa ya 128 kwenye 48,000 ni milisekunde 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7, ya 1024 ni 21.3. Muda huo unalipwa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, halafu unaongezeka muda wa saundi kadi kubadilisha umeme kuwa namba na akiba ambayo draiva nyingi hujiwekea bila kuionyesha. Kwa hiyo bafa ya 128 haikupi 2.7 hata kidogo. Tarajia kitu cha karibu milisekunde 8 au zaidi. Kwenye 512 umeshavuka 20, na hapo rapa yeyote anayekaa juu ya mdundo ataanza kuyumba.

Njia ya pili, ya moja kwa moja, haifiki kwenye kompyuta kabisa. Saundi kadi inachukua sauti ya maiki na kuirudisha hapo hapo kwenye tundu la hedifoni. Kadi nyingine zina swichi tu ya kuwasha, nyingine zina kitufe cha kuzungusha ambacho upande mmoja ni maiki na upande wa pili ni kinachotoka kwenye kompyuta. Kuchelewa kwake ni kudogo mno kiasi kwamba mwimbaji hawezi kukuhisi. Sauti kavu ya mwimbaji, isiyo na mwangwi, mimi huipitisha hapa, na bafa ya kompyuta inabaki kubwa kiasi kwamba hakuna mikwaruzo wala kukatika.

Tatizo linalowapata wengi ni kuwasha njia zote mbili kwa pamoja. Mwimbaji anajisikia mara mbili, nakala moja ikiwa nyuma ya nyingine, na sauti inakuwa kama inatoka ndani ya bomba. Watu huhangaika na maiki, huhangaika na chumba, kumbe ni traki tu (mstari wa programu unaobeba sauti moja) inarudisha sauti. Kugundua ni rahisi: ongea kwenye maiki huku ukinyamazisha ile traki ya kurekodia. Sauti ikibadilika, zote mbili ziko wazi. Kila programu ya kurekodia ina mahali pake pa kuzima. Kwenye Ableton Live weka sehemu ya Monitor kwenye Off. Kwenye Reaper zima kitufe cha kusikiliza wakati wa kurekodi kilicho kwenye traki. Kwenye Cubase zima alama ya spika. Kwenye Logic ondoa tiki ya Software Monitoring kwenye mipangilio ya sauti.

Lingine: sauti ya maiki kusikika sikio moja. Saundi kadi ikiwa inarudisha kwa stereo, ingizo la 1 linakwenda kushoto na la 2 kulia. Tafuta swichi ya mono (sauti ile ile masikio yote mawili), ama kwenye kadi yenyewe ama kwenye programu ndogo ya miksa inayokuja nayo.

Lawama moja ambayo njia ya moja kwa moja inastahili ni ukavu. Waimbaji wengi hawapendi kujisikia bila mwangwi wowote, na wana haki. Sauti kavu ndani ya masikio yaliyozibwa inachosha. Hapa ndipo mpangilio wangu ulipo, na kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwangu, chukua hiki: sauti kavu ipite moja kwa moja, rivabu (mwangwi wa kutengenezwa) peke yake ndiyo ipite kwenye kompyuta. Rivabu ya kweli nayo huanza kusikika muda mfupi baada ya sauti yenyewe, kwa hiyo ikichelewa milisekunde 10 au 15 hakuna anayeona kasoro.

Natengeneza traki mbili zenye ingizo lile lile la maiki. Ya kwanza ni ya kurekodia. Kusikiliza kumezimwa na inatoka kama kawaida, ili tukirudia kusikiliza tulichorekodi kisikike kizima. Ya pili hairekodi chochote. Hiyo ndiyo yenye kusikiliza kulikowashwa, lakini haiendi kwenye masta, ile njia kuu inayotoa sauti zote; inakwenda kwenye sendi ya rivabu tu, yaani njia ya pembeni inayoipeleka kwenye rivabu. Kwenye Ableton Live traki ya pili inawekwa Monitor kwenye In na pato lake kwenye Sends Only. Kwenye Reaper unaiandaa traki kama ya kurekodi, unachagua hali ya kusikiliza ingizo bila kurekodi, unaondoa tiki ya kwenda masta, kisha unaipeleka kwenye traki ya rivabu. Kwenye rivabu yenyewe, sauti iliyosindikwa iwe asilimia 100 na sauti kavu 0. Ukiacha kavu hata kidogo, lile bomba linarudi. Muda wa kusubiri kabla ya rivabu kuanza uweke sifuri, kwa kuwa bafa inafanya kazi hiyo. Urefu nauacha kati ya sekunde 1.2 na 1.8, nakata chini ya hezi 250 na juu ya hezi 7,000. Bafa ya 256 inatosha kabisa.

Ukiacha kutumia traki mbili na kufanya yote kwenye moja, utakutana na kero: wakati wa kurekodi kila kitu kiko sawa, ukirudisha nyuma kusikiliza unapata rivabu tupu bila sauti, kwa sababu umeiondoa traki kwenye masta.

Kuna hali moja ambayo njia ya moja kwa moja haifai: msanii anayetaka kujisikia akiwa na Auto-Tune (programu inayonyoosha tyuni) masikioni. Lazima apite kwenye kompyuta, na njia ya moja kwa moja izimwe kabisa. Basi punguza bafa iwe 64 au 128, na uipunguzie kompyuta mzigo. Mimi huigeuza biti yote kuwa faili moja la stereo, nafungua mradi mpya wenye faili hilo na traki za sauti tu. Ondoa pulagini (programu ndogo za kuchakata sauti) zinazotazama mbele, yaani zinazoisubirisha sauti ili ziichunguze kwanza, kama limita za masta (zinazozuia vilele) na ikwalaiza za fezi mstari. Moja tu kwenye masta inaweza kuchelewesha kila kitu hata bafa ikiwa ndogo. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (aina ya draiva yenye kuchelewa kidogo) ya mtengenezaji wa kadi yako. ASIO4ALL, draiva ya jumla, ni ya kuvukia kwa asiye na draiva yake. Mac inatumia Core Audio iliyomo tayari.

Hedifoni za Bluetooth ziache. Ucheleweshaji wake kwa kawaida unavuka milisekunde 100, na njia ya moja kwa moja ya saundi kadi haiwezi kuuokoa.

Kuhusu hedifoni zenyewe: za kurekodia ziwe zilizofungwa nyuma. Zilizo wazi, kama Sennheiser HD 600, zinapendeza kumiksia lakini humwaga biti nje na maiki ya kondensa inaidaka. Angalia pia omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyouzuia umeme. Saundi kadi inayolishwa na USB haina volti nyingi, kwa hiyo hedifoni za omu 250 au 300 zinaweza kusikika chini hata ukifungulia mwisho. Beyerdynamic DT 770 Pro imetengenezwa kwa omu 32, 80 na 250. Mimi nachagua ya 80. Sony MDR-7506 ni omu 63, Audio-Technica ATH-M50x ni 38, na zote mbili hazisumbui kadi ndogo.

Ukiwa na watu wawili, usigawe tundu moja kwa waya wa Y. Hedifoni mbili za omu 32 zikiunganishwa hivyo zinakuwa mzigo wa omu 16, na kama ni za aina tofauti moja itapiga kelele huku nyingine ikinong'ona bila wewe kuweza kuzisawazisha. Amplifaya ndogo yenye kitufe cha kila mtu inamaliza jambo hilo. Ila iunganishe vizuri. Kutoka tundu la hedifoni la kadi, tumia waya wa stereo wenye jeki za milimita 6.35 zenye mistari miwili myeusi pande zote mbili. Wapo wanaochukua waya huo huo na kuuchomeka kwenye pato la spika la kadi, lile la balansi, halafu upande wa pili kwenye ingizo la stereo la amplifaya. Pato la balansi linabeba upande mmoja tu wa muziki, mara moja sawa na mara moja umegeuzwa. Sikio la kushoto linapata ya kwanza, la kulia linapata iliyogeuzwa, na matokeo yake ni sauti yenye uwazi katikati, besi imepotea, mwimbaji anasema kichwa kinamzunguka. Ukisikia hivyo, chunguza waya kabla ya kitu kingine.

Kwenye viwango, mpangilio wangu hauzidi hatua chache lakini siubadilishi. Vitufe vyote vya hedifoni vinashushwa mpaka chini kabla ya kuwasha volti 48 za maiki na kabla ya kuchomeka chochote. Kisha gaini, kiasi cha kukuza sauti ya maiki: mwimbaji aimbe sehemu yake ya juu kabisa, sauti ikae wastani wa desibeli -18 kwenye mita ya programu na vilele visivuke -10. Gaini haiguswi tena. Hapo biti, ambayo kwa kawaida imeshabanwa mpaka karibu na sifuri, kilele cha mita, itakuwa inaimeza sauti. Watu wengi hupandisha gaini ili mwimbaji ajisikie, na rekodi inapasuka. Fanya kinyume: shusha biti kwa desibeli 10 au 12 ndani ya programu, halafu pandisha hedifoni. Uwiano unapatikana na rekodi inabaki salama.

Baada ya hapo jaribu polariti, yaani kama wimbi la sauti liko sawa au limegeuzwa. Mwimbaji husikia sauti yake pia kupitia mifupa ya kichwa, na kama ya kwenye hedifoni imegeuzwa, sauti za chini zinafutana. Aghune noti ya chini, wewe ubonyeze kitufe chenye alama ya ø kama kadi au miksa yako inacho. Upande ambao sauti inajaa zaidi ndio wake. Kadi isiyo na kitufe hicho inaweza kutumia waya wa XLR (waya wa maiki wenye pini tatu) uliobadilishwa pini ya 2 na ya 3, kisha unairudisha sawa ndani ya programu.

Kuvuja kwa biti kutoka hedifoni kuingia kwenye maiki kunapimwa, hakukisiwi. Mwimbaji asimame mahali pake akiwa amevaa hedifoni, anyamaze, wewe urekodi maiki huku biti na kliki (mlio wa kuhesabia mdundo) vikicheza kwa sauti ile ile atakayotumia. Mita ikikaa chini ya desibeli -60 naendelea. Ikifika -50 natafuta chanzo, maana kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo) itakipandisha chote baadaye. Mara nyingi chanzo ni kliki yenye mlio mkali. Ibadilishe iwe ya mlio mzito kidogo, ishushe, na iandikie otomesheni (amri inayojiendesha ndani ya programu) izime kwenye mistari ya mwisho ambapo sauti inafifia. Miwani yenye miguu minene na misuko mikubwa huinua mto wa hedifoni, nao upenyo mdogo tu unatosha. Mwimbaji anayependa kuacha sikio moja wazi mwache, anashika tyuni vizuri hivyo, lakini peleka sauti yote upande aliouvaa na ule mwingine unyamazishe kabisa, sio kuuacha ukicheza shavuni.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 94 kwa saa 1, 100 kwa dakika 15. Katika kurekodi kwa muda mrefu masikio huzoea na mtu huomba aongezewe kila baada ya muda. Badala ya kumwongezea, nashusha kila kitu na tunapumzika dakika kumi; akirudi anakuta sauti inatosha.

Ukishaupata uwiano unaokufaa, hifadhi mradi mtupu wenye traki zile mbili, rivabu yake na kliki kama kiolezo, na uweke alama ya kalamu kwenye vitufe vya amplifaya. Na siku sikio moja likianza kukatika katika wimbo, anza na adapta ya kutoka 3.5 kwenda 6.35. Zile za kusukuma tu hulegea. Za kuzungushia kwa nati, kama hedifoni zako zina uzi wake, hazitoki.