Vichungi 212 na viatu vilivyolowa

Nilipokwenda kusafisha ufukwe, nilidhani nitaokota chupa. Chupa zilikuwepo, lakini kilichonivunja mgongo ni vichungi vya sigara. Nilihesabu 212 nikachoka, vyote kwenye mstari mmoja wa mwani ulioachwa na maji yalipokupwa. Miaka yote niliamini ni pamba. Kumbe ni plastiki, selulosi asetati; huchanika nyuzi nyuzi, nyuzi zikabaki humo humo baharini.

Mama mmoja mzoefu aliniona nikizoa na mwani wenyewe. "Taratibu mwanangu, huo si taka." Chini yake vidudu vilikuwa vikirukaruka, chakula cha ndege wa pwani. Sasa naukung'uta na kuuacha.

Kazi niliyoipenda (msinicheke) ni ya daftari: kila kitu kinaandikwa kabla ya kutupwa. Usafi wa fukwe wa kimataifa ulianza hivyo hivyo Texas, Marekani, mwaka 1986, watu wakiokota huku wakiandika.

Tukiwa tunaondoka nikaona mfuko mweupe ukielea. Kasa huudhani yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayemla, akaumeza. Nikaufuata hadi maji ya magoti, nikaukamata. Viatu bado havijakauka.