Poda Kwenye Mwavuli

Jumamosi asubuhi mimi na mpwa wangu tulivuka daraja la Sabaki hadi ufuoni Mambrui, kurusha roketi ndogo ambayo jamaa yetu aliileta kutoka ng'ambo ikiwa imekwisha kuundwa, mapezi yamegundishwa na rangi imepakwa. Niliichagua Mambrui kwa kuwa iko mbali na uwanja wa ndege wa Malindi, na maji yakipwa unapata mchanga mtupu usio na paa la makuti la kushika moto.

Injini yake ni kibomba cha karatasi ngumu kilichoshindiliwa baruti, na kimeandikwa A8-3. Herufi huonyesha kiwango cha nguvu yote iliyomo, 8 ni wastani wa msukumo kwa niutoni, kipimo cha nguvu, na 3 ni sekunde zinazopita tangu moto wa kupandisha uzimike hadi mlipuko mdogo uifungue pua na kuutoa mwavuli wa kuishusha roketi taratibu. Hiyo 3 ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu hapo ndipo chombo hupona au huvunjika.

Tuliisimamisha kwenye fimbo ya chuma, tukaunganisha nyaya za betri, tukarudi nyuma zaidi ya mita 5. Mpwa wangu alihesabu, akabonyeza, nayo ikapanda vizuri. Pua ilifunguka kwa wakati wake, lakini mwavuli ukabaki umejisokota kama karatasi ya peremende, na pezi moja likakatika.

"Mjomba, mwavuli umelowa?" aliniuliza.

Haukulowa. Niliukunja tangu usiku, na plastiki nyembamba ikikaa imekunjwa katika hewa yetu ya chumvi na unyevu hugandana. Nilinunua poda ya mtoto dukani, nikautandaza mwavuli juu ya kanga, nikaupaka pande zote mbili, kisha nikauacha wazi hadi dakika ya mwisho. Chini yake nilitia karatasi isiyoshika moto, maana bila hiyo gesi ya moto huuyeyusha.

Gundi ya pezi ilipokuwa ikikauka, nilimweleza kwamba mbele yetu, Ngomeni, ndiko kwenye San Marco, jukwaa la kurushia roketi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout, inayotumia fueli yabisi kama hii yetu, iliirusha Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ilipewa jina hilo kwa sababu Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru siku hiyo hiyo. Akauliza kama nayo ilikuwa na mwavuli. Swali zuri mno. Nikamjibu kwamba haikuuhitaji, kwani ilikusudiwa kubaki huko juu.

Mara ya pili kusi lilikuwa limeanza kuvuma. Roketi iliinamisha pua upande wa bahari, kama ilivyo desturi yake ya kuukabili upepo, kisha mwavuli ukafunguka wote na kurudishwa taratibu kuelekea kwenye vilima vya mchanga. Mpwa wangu aliikimbilia, akaidaka kabla haijagusa chini, akaniletea huku viganja vyake vimejaa poda na injini ingali na joto.