Magego Mawili ya Kushoto

Nilikuwa na miaka 16, tunakaa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Taya langu la kushoto lilikuwa limetuna kidogo, gumu, lisiloniuma, na kwa kuwa haliumi nikanyamaza. Mama aliliona siku ya Idi akinirekebisha kofia. "Hebu geuka. Shavu hili lina nini?"

Kliniki ya kwanza walinipiga picha, wakaona doa jeusi chini ya magego mawili, wakasema mizizi imeoza, yang'olewe yote mawili. Mama akauliza yameozaje na hayana hata tundu? Hakujibiwa. Akaomba picha yake, tukaondoka. Namshukuru kwa swali lile hadi leo.

Daktari wa pili aliitikia shikamoo yangu, akaiweka picha kando. Kwanza aliyagongagonga meno kwa mpini wa kioo chake, kisha akachukua kipande cha barafu, akakifunga kwa pamba, akakigusisha gego la kwanza. Nikaruka. La pili, nikaruka tena.

"Haya mazima, mama. Jino lililokufa halisikii baridi."

Ndipo akaielekeza picha kwenye mwanga, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Kifuko kinachotokana na jino bovu, alisema, huning'inia kwenye ncha ya mzizi. Kinachotokana na jino lisiloota hulizunguka kichwa chake. Changu kilikuwa kimejipenyeza kati ya mizizi, ukingo wake ukipanda na kushuka kama mawimbi. Alidhani ni pango tupu ndani ya mfupa, jambo linaloonekana zaidi kwa vijana. Lakini hakutaka kuapa kwa picha peke yake, maana kuna uvimbe mwingine wa taya unaofanana nalo, nao hula mfupa na hurudi hata ukishaondolewa.

Alinichoma ganzi, akafungua dirisha dogo kwenye mfupa. Nilimsikia akimwambia nesi, "Tazama, hamna kitu." Maji kidogo ya manjano yenye damudamu, basi, wala hapakuwa na ngozi ya kifuko. Akakwangua kuta mpaka zikatoa damu, kwa kuwa damu ile ikiganda ndani ndiyo inayoanza kujenga mfupa, akashona. Vilivyokwanguliwa vilipelekwa maabara Dar es Salaam. Wiki zile za kungoja mama hakukosa kuamka usiku kuswali.

Majibu yalikuja mema. Baada ya miezi kadhaa tukapiga picha nyingine, na mama akaishika dirishani, ile ya zamani mkono huu, mpya mkono huu, akitafuta lile doa jeusi. Palikuwa na ukungu mweupe.