Kusahauliwa, kupuuzwa, kutelekezwa: neno moja la Kiingereza lilivyonifundisha ukalimani

Kazi yangu ni ukalimani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Upande mmoja anakaa mama au mzee aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na Kiswahili chake, upande wa pili ofisa mwenye kalamu anayeandika kila kitu kwa Kiingereza. Kiswahili nilikipata utotoni kambini Jinja. Baba alikuwa askari, na kambini hiyo ndiyo lugha iliyotukutanisha watoto wa Kiacholi, Kilugbara, Kisoga na wengineo. Kiingereza nilikipata darasani. Niliamini vyote viwili vinanitosha, mpaka siku nilipotamka neno moja nikakaribia kumtenganisha mama na mwanawe.

Mama huyo alileta mtoto wa miaka minne aliyeungua mguu kwa uji. Alikuwa amekwenda leja leja, kulima shamba la mtu apate hela ya chumvi na sabuni, na mtoto akabaki na dada yake wa miaka kumi. Muuguzi aliuliza ilikuwaje. Mama akajibu, “Nilimuacha na dada yake, sikukuwa na mtu wa kumuangalia.” Mimi nikafasiri kwamba mtoto alikuwa “neglected”. Kichwani mwangu nilimaanisha kwamba kwa muda ule hakuwa na mwangalizi.

Muuguzi aliacha kuandika. Alimtazama mama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akafungua droo, akatoa fomu nyingine. Kabla ya saa sita mchana alifika ofisa wa ulinzi wa watoto na maswali yake: mtoto anakula mara ngapi kwa siku, nani anamwogesha, mama anakunywa pombe? Mama alinigeukia. “Papa, umewaambia nini?”

Swali lile bado ninalisikia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba katika Kiingereza cha ofisi neno hilo ni shtaka. Linasema kuna mtu mwenye wajibu wa kutunza, anaujua wajibu wake, na ameuacha. Sheria ya Watoto ya Uganda inalitaja pamoja na ukatili, miongoni mwa mambo ambayo mzazi lazima amkinge nayo mtoto. Neno nililolihitaji lilikuwa “unattended”, linalosema tu kwamba kwa saa fulani hapakuwa na mtu karibu. Hata mzigo ulioachwa kwenye kituo cha basi huitwa hivyo. Halimhukumu mtu.

Nilisimama mbele ya ofisa nikamwambia kwamba neno lile lilikuwa langu, si la mama. Hakufurahi, lakini alikubali kuuliza upya. Siku mbili zilipita ndipo faili likafungwa, na siku zote mbili mama hakulala, akiogopa kwamba gari litakuja kumchukua mtoto.

Baada ya hapo nilinunua daftari. Nilianza kuandika kila neno la Kiingereza linalomhusu mtu aliyeachwa nyuma, na mbele yake maneno halisi ya mlalamikaji na jinsi ofisa alivyolipokea. Kamusi nilikuwa nayo, ila kwangu haikusaidia sana, maana ilinipa “kupuuza” kwa karibu kila neno. Kilichonisaidia ni kuuliza maswali kabla ya kufungua mdomo kwa Kiingereza. Yule mtu alikuona? Kama alikuona, alijua una shida? Ilikuwa kazi yake kukuhudumia? Na imekuwa hivyo kwa muda gani?

Kama hakukuona, jicho likapita tu juu ya jina lako, neno ni “overlooked”. Hapo hakuna ubaya wa moyo. Ndicho kile anachokiri mtu anaposema “nilipitiwa”. Kama alikuona, ukamsalimu, akageuza uso, hiyo ni “ignored”, na hili ni zito kwa namna nyingine, kwa sababu linamwambia ofisa kwamba mwenzake alikusudia. Kama wajibu ulikuwa wake na umeachwa kwa wiki au miezi, ndipo “neglected” linapokaa mahali pake. Na mtu akikuambia “wamenitupa”, yaani wameondoka na hawarudi, huyo ametelekezwa: “abandoned”. Aliyerukwa cheo wakati zamu yake imefika ni “passed over”. Neno “disregard” nimeona linahusu zaidi ushauri, amri au ujumbe. Mtu akikutumia ujumbe kimakosa, anakuomba uuache kwa neno hilo.

“Overlook” lenyewe linahitaji uangalifu. Nyumba iliyo mlimani inayotazama ziwa chini yake huelezwa kwa neno hilohilo. Na ukimwomba mtu a-“overlook” kosa lako, unamwomba alifumbie macho, yaani aone na asamehe. Nomino yake, “oversight”, limenisumbua kuliko yote. Wakati mmoja niliandika katika taarifa kwamba familia fulani ilikosa blanketi kwa “oversight” ya ofisi. Mkuu wangu akanielewa kwamba ofisi ilisimamia zoezi lile mpaka familia ikanyimwa, kwa sababu neno hilo ni kosa la kutoona na vilevile ni usimamizi. Kazi ya Bunge ya kuikagua serikali inaitwa hivyo. Sasa ninaandika wazi: jina lilirukwa kwa bahati mbaya.

Palipo na haki ya kusema “neglected”, sitaki mtu alilainishe. Shirika la Afya Duniani linalitumia kwa kundi la magonjwa ya nchi za joto ambamo kuna kichocho, matende, malale na upofu wa mtoni, na siku yake ni tarehe 30 Januari. Kwa Kiswahili tumezoea kusema “yaliyosahaulika”, nami naona tunawapunguzia mzigo wenye dhamana. Dawa ya kichocho inajulikana. Wanaougua ni wavuvi na watoto wanaochota maji ziwani, na ni kwa sababu ya unyonge wao fedha zimechelewa. Hapo hakuna aliyesahau. Hata Kiswahili chetu hapa Uganda nakiona hivyo. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likaja kusisitiza kifundishwe shuleni mwaka 2022, na katikati ya miaka hiyo 17 wazee waliokizungumza kambini na mipakani wamezeeka bila kuulizwa lolote. Lugha iliyoandikwa katika Katiba haiwezi kusemwa kwamba haikuonekana.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja, kanga imefungwa kifuani, kadi ya mgao ameikunja ndani ya leso. Miezi miwili hakuitwa. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba wamemsahau: “Banisahabu, mwanangu. Banajua siko na mtu.” Zamani ningemfasiria kwa neno kali, kwa sababu nilimhurumia. Nikamuuliza kwanza: “Bibi, yule wa orodha alikuona?” Akasema hapana, aliita tu majina, lake halikuwamo. Nikamwambia ofisa kwamba bibi huenda alikuwa “overlooked”, tafadhali watazame tena. Ofisa hakukasirika, alivuta orodha, tukasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Tulimkuta ukurasa wa tatu. Majina yake mawili yalikuwa yamebadilishana nafasi, la ukoo limetangulia, kwa hiyo kadi na orodha hazikufanana.

Nilimweleza. Alikaa kimya kidogo, akifungua na kukunja tena ile leso.

“Basi hawakunichukia,” akasema.

Ofisa alisahihisha jina palepale kwa kalamu nyekundu, akamgeuzia karatasi alione, ingawa bibi hajui kusoma. Aliweka kidole juu yake kwa muda mrefu.