Uvimbe wa shangazi

Majibu ya siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, yametoka leo. Ule uvimbe wa shangazi juu ya jicho la kushoto ni ostioma: mfupa ulioota juu ya mfupa. Si saratani. Alhamdulillahi.

Ngamiani nzima, mtaa wetu hapa Tanga, ilishamtibu. Huyu kasema jini, yule kasema achanjwe chale. Siwalaumu, maana uvimbe unaokua polepole kwa miaka bila kuuma humfanya kila mtu awe tabibu. Ila hizo chale ziliniogopesha sana. Unachanja juu ya fuvu, wala hujui chini kuna nini.

Daktari alianza kwa kidole. "Mama, kunja uso." Ngozi ikasogea, uvimbe ukabaki palepale, mgumu kama jino. Wa mafuta ungeteleza. Kisha akauliza mambo yaliyomshangaza shangazi: je, ana kinundu kwenye titi? Kuna mtu wa ukoo aliyeota vinyama kwenye utumbo mpana? Nikamuuliza, utumbo na kichwa wapi na wapi? Akanieleza bila haraka kwamba saratani ya titi huweza kuhamia kwenye fuvu, na mtu mwenye ostioma nyingi huenda ana ugonjwa wa Gardner, wa kurithi, ambao hatari yake kubwa iko tumboni, kwenye vile vinyama vya utumbo. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kwenye picha nikaona fuvu lilivyo: tabaka mbili ngumu, na katikati mfupa wenye vitundu. Uvimbe umekaa tabaka la nje, mweupe, kingo zake safi. La ndani halijaguswa. Lau mfupa ungekuwa umeliwa, tungeshapanda basi kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, akatwe kinyama kipimwe.

Kwa hiyo hapasuliwi. Akitaka utachongwa, kwa ajili ya sura tu. Shangazi hataki: "Nimeuzoea, mwanangu, uache." Atarudia picha mwakani, na kabla ya hapo kama ataumwa kichwa mfululizo au jicho litasukumwa. Kungoja kwa namna hii nako ni matibabu, ingawa majirani watasema tumempuuza.

Sasa namuwaza mtoto wa jirani. Uvimbe wake ni laini, unauma, na umetokea juzijuzi tu. Kwa watoto kuna ugonjwa wa Langerhans unaotoboa mfupa wa fuvu, na huo haujulikani mpaka kinyama kipimwe. Nimeshaongea na mama yake. Kesho asubuhi tunaanzia hospitali ya Bombo.