Wanauza kiwanja, chumba cha Mzee hakina bei

"Inauzwa Msasani, karibu na lami. Hati safi. Ndani kuna nyumba ya kuvunja. Bei maongezi."

Tangazo hilo nilirushiwa na rafiki aliyejua natafuta pa kuishi baada ya miaka yangu ya ughaibuni. Kufungua picha, nikaikuta nyumba ya Mzee wetu, mchoraji wa picha za tingatinga. Ngazi ya nje ni ileile, na chumba cha juu chini ya mabati kipo, madirisha yake makubwa ya mbao yamefungwa. Mliokulia upande ule mnakijua. Tulikuwa tukitoka shule tunapanda kimyakimya, tunakaa ukutani, tunamwangalia akimtoa chui kwenye ubao mtupu. Ukikohoa unashushwa.

Mengine nilishajiandaa nayo. Nilijua nyumba za serikali za Oyster Bay, Dar es Salaam, ziliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwamba nyua zenye miembe zimeota ghorofa za kupangisha. Nilijua pia kuwa Daraja la Tanzanite lilifunguliwa 2022, hivyo anayefanya kazi mjini anavuka juu ya bahari na kutokea ufukwe wa Coco bila kupita daraja la zamani la Selander. Ardhi ya huku lazima ipande. Nilipita nikaangalia, nikasema sawa, mji unakua.

Lakini nilipokwenda na dalali kwa Mzee, moyo ulinishuka. Kijana ana adabu, shikamoo yake ya kweli, wala hakujua mimi ni mtoto wa pale. Nikamuuliza nyumba yenyewe inahesabiwa vipi kwenye bei. Akanijibu, "Bosi, hapa hesabu kiwanja tu. Nyumba tunaitoa." Nikadhani anamaanisha inatolewa bure. Kumbe anamaanisha mnunuzi anakata kwenye bei gharama ya kuvunja na ya malori ya kubeba kifusi. Kile chumba si tu kwamba hakina thamani. Kinawapunguzia warithi fedha! Nyumba ikiwa kubwa zaidi, wanapata kidogo zaidi. Usiku ule sikulala, na mpaka naandika hapa hesabu hiyo haijaniingia akilini.

Nilipanda juu. Sakafu ni ya mbao, na Mzee alikuwa anachora amekaa chini, ubao wa silingi mbele yake, futi mbili kwa mbili. Ubao mzima wa futi nne kwa nane unatoa vipande vinane vya namna hiyo, na ndivyo walivyokuwa wakikata tangu mwanzo. Akipaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, brashi inapitiliza ukingo na rangi inabaki sakafuni. Ubao ukiondoka, pale chini panabaki mraba msafi wenye mpaka wa rangi. Ubao mwingine unawekwa, pengine umepinda kidogo, mpaka mwingine unapita juu ya ule wa kwanza. Miaka na miaka. Leo sakafu nzima ni miraba iliyopandana, bluu ya bahari juu ya njano ya jioni juu ya nyeusi, na kila mraba ni picha iliyouzwa ikaenda zake, nyingi nchi za nje. Niliinama nikapitisha kidole. Mipaka imeinuka, unaihisi kama makovu. Kwenye fremu ya dirisha amefutia brashi mpaka mbao imekuwa nene kuliko ilivyotoka kwa fundi.

Wasiojua wanauliza kwa nini alihangaika kujenga juu. Rangi ile ni ya mafuta, rangi ya baiskeli, inang'aa lakini haikauki upesi. Unapaka usuli, unasubiri. Unamweka mnyama, unasubiri. Ndipo unapiga vidoto. Chini barabarani enzi zile lilikuwa vumbi tupu, na vumbi likitua kwenye rangi mbichi picha imeharibika. Juu kuna upepo wa bahari na vumbi halifiki. Chumba kile kilijengwa kwa ajili ya kazi ile, si kwa fahari.

Na kazi yenyewe ina nasaba. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na kuuza picha zake Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora miaka minne tu. Kilichoiokoa sanaa ile ni ndugu na vijana wachache aliokuwa amewafundisha, nao wakafundisha wengine, mpaka ushirika wao ukaandikishwa 1990. Mzee wetu alijifunza kwa hao waliokaa na Tingatinga mwenyewe. Wengi walichorea barazani na chini ya miti, hakuna kilichobaki cha kuonyesha. Yeye alibakiza chumba.

Nikauliza kama sheria inaweza kukilinda. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya 1964, na inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Jengo la baadaye linahitaji tamko la waziri. Kwa hiyo gofu la sultani lina ulinzi, na chumba alimokaa mtu maisha yake yote akichora picha ambazo dunia nzima inazitambua kuwa za Tanzania hakina. Hilo linaniuma, na nalisema waziwazi.

Familia siwalaumu hata kidogo. Mama, mjane wa Mzee, alinipokea kama mwanawe aliyepotea, tukalia. Akaniambia, "Mwanangu, ngazi siziwezi tena, na wajukuu wanasoma." Warithi ni wengi na kiwanja ni kimoja. Nani ana haki ya kumwambia auguzwe na makumbusho?

Nilichowaomba, na wamekubali, ni kwamba kwenye mkataba wa mauziano kiandikwe kipengele: kabla kijiko cha kubomolea hakijaingia, familia wang'oe mbao za sakafu na madirisha ya juu. Fundi seremala anazipa namba kwa chaki upande wa chini, ubao kwa ubao, ili zipangwe tena zilivyokuwa. Tayari tumeupiga picha kila mraba kwa mwanga wa asubuhi, unapopita ubavuni na kuionyesha mipaka. Nyumba ninayotafuta sasa lazima iwe na chumba kitakachotosha sakafu ile.

Wewe uliye nje na una mjomba au baba mdogo mchoraji, usingoje msiba. Piga simu leo, uulize alichorea wapi, na mwombe kijana wa nyumbani apige picha sakafu na kuta kabla hazijapakwa chokaa. Na anayekitaka kiwanja hiki cha Msasani, kabla hujampa dalali hela ya kuonyeshwa, panda ngazi kwanza, umsalimie Mama, halafu umwambie kwamba kipengele cha sakafu unakikubali.